KAUNTI ZA KENYA: ASILI NA MUUNDO WAKE

Wananchi wengi wa visiwa vyetu wana jamaa zao Mombasa, Malindi na Lamu, na neno "kaunti" wamelizoea masikioni. Lakini si wengi wajuao namna kaunti hizo zilivyopatikana, wala nani humo mwenye madaraka gani.

Yafaa ieleweke kwanza kuwa ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliuendesha kwa mapatano ya Disemba 1895. Humo waliendelea kuwapo maliwali, makadhi na mamudiri, mpaka mapatano ya Oktoba 1963 yalipoutia ukanda huo katika Kenya huru. Ama kwa upande wa bara, sheria ya 1902 iliweka wakuu wa vijiji walioteuliwa na Serikali, na mnamo 1924 yakaruhusiwa mabaraza ya wenyeji, mwenyekiti wake akiwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Baraza la namna hiyo, bila ya shaka, halikuweza kusema mengi.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Disemba 1963 ilikuwa na majimbo 7, mbali na Nairobi, kila jimbo na baraza lake la kutunga sheria. Mpango huo ulifutwa 1964. Yakabaki mabaraza ya kaunti, ambayo kwa miaka michache yalifanya kazi ya maana: yakiendesha skuli za msingi, zahanati na barabara za vijijini. Lakini sheria ya 1969 iliyanyang'anya yote matatu kuanzia 1 Januari 1970, isipokuwa katika manispaa. Tangu hapo diwani alikuwa na jina, na kazi na fedha ziko Nairobi. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, na ndiyo iliyowafanya watu wa sehemu za mbali, khasa Kaskazini na Pwani, waidai Katiba mpya kwa nguvu.

Katiba hiyo ilipitishwa 2010. Iliunda kaunti 47, kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992, nazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa 4 Machi 2013. Kila kaunti ina Gavana anayechaguliwa na wananchi, kwa vipindi visivyozidi viwili vya miaka 5, na Bunge la Kaunti lenye wawakilishi wa wadi. Wadi zote ni 1,450. Gavana huteua mawaziri wake, lakini sharti Bunge hilo liwakubali. Bunge likitaka kumwondoa Gavana, hupiga kura ya thuluthi mbili, kisha shauri hupelekwa Seneti.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Chifu, ambaye nafasi yake yakaribia ya sheha kwetu, si mtumishi wa Gavana. Ni wa Serikali ya Taifa, chini ya Kamishna wa Kaunti. Kwa hivyo mkaazi wa Faza mwenye shida ya kitambulisho au ugomvi wa jirani huenda kwa chifu. Akitaka dawa katika zahanati, maji, skuli ya chekechea au gati ya vivuko, mlango wake ni wa kaunti.

Lililobaki ni fedha. Katiba inaamuru kaunti zigaiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Taifa. Mwaka wa fedha 2013/2014 zilipata shilingi za Kenya bilioni 190, na 2025/2026 zilipangiwa bilioni 415. Hata hivyo, asilimia hiyo hupimwa kwa hesabu zilizokwisha kukaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuziidhinisha, kipimo kinachotumika ni mapato ya miaka iliyopita, ilhali bei ya dawa na mishahara ya wauguzi ni ya mwaka huu. Aidha, fedha zenyewe mara nyingi hufika kwa kuchelewa, na watumishi wa kaunti wakangojea mishahara yao.