Rosa Alikosa Msikilizaji: Namna Ushauri Nasaha Unavyorejesha Imani

Wengi waliosoma riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, humkumbuka Rosa, binti wa Ukerewe, kwa makosa yake. Wachache hukumbuka kipigo. Baba yake, Zakaria, mlevi, alimwadhibu kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, naye Rosa akakua akiwaogopa wanaume. Mama yake alimpenda, lakini aliishi kwa hofu ya mume huyo huyo. Mwisho wa Rosa ni wa huzuni.

Angalipelekwa kwa mshauri nasaha, kungalifanyika nini?

Mshauri asingalimtaka asimulie yote siku ya kwanza. Mtoto aliyeumizwa na mtu wa nyumbani huwapima watu kwa mambo madogo. Mshauri akisema Jumanne saa nne, awepo saa nne. Akiahidi siri, aitunze. Lakini aeleze mapema mpaka wake, kwamba hatari ikiwa bado ipo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka atoe taarifa. Kuuficha mpaka huo na kuuvuka baadaye ni kumsaliti mtoto mara ya pili.

Kisha huja habari ya mwili. Moyo kwenda mbio mlango unapobamizwa si ukaidi wala uchawi. Ni mwili unaokumbuka. Mtoto hufundishwa kupumua taratibu na kutaja vitu avionavyo chumbani mpaka atulie. Baadaye ndipo kisa husimuliwa, kipande kwa kipande, kwa mwendo wake mwenyewe. Mkulima wa kakao wa Ipinda huvundika mbegu siku kadhaa kabla ya kuzianika, wala halalamiki. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo aweza kutaka mwanawe apone kwa kikao kimoja.

Aliyemwumiza mtoto asiitwe kupatanishwa naye mbele ya wazee. Vikao vya ukoo vina heshima yake, ila kazi hii si yao.

Mwenye mtoto wa namna hii amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri, au afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Mkazi wa Matema au Ngonga asiyeweza kufika mjini Kyela aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto akiomba kusindikizwa na shangazi au mwalimu badala ya mzazi, akubaliwe.