Dondoo muhimu: Kununua kazi za mikono Puerto Vallarta

Mji huu wa pwani ya Pasifiki, jimbo la Jalisco nchini Meksiko, huishi kwa watalii. Zingatia haya usiuziwe bandia, wala usimpunje fundi.

1. Anzia soko la manispaa la Río Cuale, lakini zunguka kwanza ujue bei kabla ya kufungua pochi.
2. Kwa kazi za shanga za Wawixárika (Wahuichol), jamii ya wenyeji asilia wa Meksiko, nunua kwa fundi mwenyewe inapowezekana.
3. Kagua kwa karibu: shanga hupachikwa moja moja kwenye nta, na kazi nzuri haina mapengo.
4. Usiiache kazi hiyo juani au ndani ya gari. Nta hulainika, shanga zikahama.
5. Omba upunguziwe kwa adabu, na ujue pa kukoma. Kichwa kimoja cha sanamu ya jagwa (chui wa Amerika) kilichojaa shanga ni jasho la siku nyingi, na hapa ndipo wageni humwumiza fundi zaidi.
6. Kwenye vito vya fedha, tafuta mhuri wa 925. “Alpaca” si fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.
7. Chombo cha udongo kinachong'aa usikipakulie chakula mpaka uhakikishiwe hakina madini ya risasi (“sin plomo”).
8. Beba peso taslimu, noti ndogondogo.
9. Kataa gamba la kasa hata kwa bei ya kutupa: Meksiko ilipiga marufuku biashara ya kasa mwaka 1990.