Neno "Wote" na Neno "Wako"
Somo: Warumi 2:13 na 3:20

Tusomapo Waraka kwa Warumi twakuta fundo liwatatizalo wengi. Katika mlango wa 2 Mtume Paulo afundisha kwamba wote waitimizao sheria hupata haki mbele ya Mungu. Katika mlango wa 3 akana kwamba binadamu ye yote huipata kwa njia hiyo. Je, ajipinga mwenyewe?

Hapa mantiki, yaani elimu ya kanuni za kufikiri, yaweza kutusaidia. Aristotle, Myunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliruhusu kutoka kwenye "wote" kwenda kwenye "baadhi wako". Tukisema, "Wazee wote wa usharika ni wakulima," msikiaji hufahamu kwamba wazee wako. Lakini jumbe akitangaza, "Wote waibao ng'ombe watatozwa faini," je, amesema kwamba wezi wako? La. Amri yasimama hata asipopatikana mwizi mmoja.

Mwaka 1879 Gottlob Frege, mwalimu wa hesabu mjini Jena, Ujerumani, aliandika kanuni mpya. Kwake "wote" maana yake ni hii: mtu ye yote akiwa mwizi, atatozwa. Kwamba yuko mwizi ni neno la pili, nalo lahitaji ushuhuda wake lenyewe.

Basi mlango wa 2 waonyesha kipimo, wala hausemi kwamba yuko aliyekifikia. Mlango wa 3 wajibu: hayuko. Wako wafafanuzi waufasirio mlango wa 2 kwa namna nyingine. Lakini kwa neno "wote" tu, hatuwezi kusema kwamba Mtume amejipinga.

Jambo hili si mchezo wa wasomi. Mkristo mwenye dhamiri iliyolemewa husikia amri, akadhani kwamba wenzake wameitimiza, naye peke yake amebaki nyuma. Mwalimu asimwongezee mzigo ambao neno halikuutaja.

Tena, ahadi kwamba wote waaminio wataokoka haifanyi kwa nguvu ya kanuni awepo mwamini hata mmoja. Imani huja kwa kusikia Injili ikihubiriwa. Kwa hiyo tufikiri sawasawa, kisha twende tukahubiri.

Maswali:
1. Amri yaweza kuwa ya haki pasipo kuwapo mtu aliyeitimiza? Eleza.
2. Utamjibuje adhaniye kwamba yeye peke yake ameshindwa?