BETRI KUUKUU NI SUMU KWA MIFUGO

Mkulima wa Lorugum anajua kwamba mbuzi na ng'ombe hupenda kulamba kila kitu chenye ladha ya chumvi. Tabia hiyo yaweza kuwaua, kwa maana betri kuukuu za magari na pikipiki, na baadhi ya zile za taa za jua, zina risasi, madini mazito yaliyo sumu. Mnyama akilamba betri iliyopasuka, au majivu yake, humeza risasi.

Risasi hufanya nini mwilini?

Ubongo: Mnyama huacha kula, husaga meno, hutokwa na mate, huzunguka-zunguka kama kipofu, au husukuma kichwa ukutani. Ndama hufa upesi.

Ini na figo: Viungo hivi huchuja damu, kwa hiyo sumu hukusanyika humo na kuviharibu.

Uzazi: Mbegu za beberu au fahali hupungua na kudhoofika. Jike huweza kukosa kushika mimba au kuitupa. Tena, risasi hukaa mifupani kwa miaka. Jike akiwa na mimba au akinyonyesha, mifupa hutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo, ikaingia katika mimba na maziwa.

Wengine hudhani kwamba kuchemsha huondoa sumu. Sivyo. Moto huua vijidudu, lakini madini hayafi. Kwa hiyo usiwape watoto maziwa, maini wala figo za mnyama aliyedhurika.

Wanadamu nao hudhurika. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea wakazi maradhi ya risasi mpaka kilipofungwa mwaka 2014.

Basi fanyeni hivi:

1. Msipasue betri, wala msiichome.
2. Msiitupe bomani, shambani wala katika mfereji wa maji.
3. Sanduku lake tupu lisifanywe chombo cha kunyweshea mifugo.
4. Iwekeni mahali pa juu, palipofunikwa, kisha mrudishieni mwuzaji.

Mimba zikitupwa zizini, mwiteni Afisa wa Mifugo upesi, kwa sababu yapo maradhi mengine yaletayo jambo hilo, na baadhi yake huambukiza watu. Msiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Mwonyesheni pia mahali mifugo inapolala na kulamba, maana huenda chanzo kiko hapo.