Karani Mpya na Barua Ishirini

Watu wengi hudhani kwamba ukarani ni kazi ya kuketi na kuandika tu. Sivyo. Karani wa masjala hulinda haki za watu walio mbali na ofisi. Tuseme mkulima wa hapa Mahongole amepeleka barua juu ya mpaka wa shamba lake, na barua ikatiwa katika jalada lisilo lake. Ofisa hataiona, na mkulima atangoja mwaka mzima akidhani amedharauliwa.

Kazi hii haifundishiki kwa maneno matupu. Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoanzishwa mwaka 2000, chenye matawi Tabora, Mbeya na kwingineko, hufundisha utunzaji wa kumbukumbu, na wanafunzi wake huenda maofisini kuifanya kazi yenyewe.

Sisi nasi twaweza kujaribu darasani. Andikeni barua 20 za mfano, kisha chagueni makarani watatu.

1. Wa kwanza atie tarehe ya kupokelewa juu ya kila barua, aiandike katika rejista: namba yake, imetoka kwa nani, yahusu nini.

2. Wa pili aitie katika jalada la jambo lake na kuipa folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Namba ya jalada iandikwe katika rejista.

3. Wa tatu apeleke jalada kwa ofisa, aandike limekwenda kwa nani na siku gani. Likirudi, aandike tena. Nakala ya jibu hukaa katika jalada lile lile.

Baada ya wiki moja mwalimu aulize: "Barua ya 14 iko wapi, nayo imejibiwa?" Wakiitoa kwa dakika mbili, wamefaulu. Wasipoiona, wasilaumiane, bali waifuate rejista mstari kwa mstari mpaka waone kosa lilipoingilia. Hapo ndipo penye somo.

Siku hizi ofisi nyingi za Serikali hutumia mfumo wa kompyuta uitwao e-Ofisi. Hata hivyo, akoseaye namba ya jalada kwa kalamu ataikosea kwa kompyuta pia.

Maswali

1. Kwa nini jalada liandikwe litokapo na lirudipo?

2. Barua moja yahusu mpaka wa shamba na barabara ya kijiji. Utaitia katika jalada lipi, na utafanyaje ili ijulikane katika lile la pili?