Sembe, dona na kikombe cha chai: maswali yenu kuhusu wanga na uzito

Wengi wanaokuja kliniki kutaka kupunguza uzito huanza kwa kulaumu ugali. Wameambiwa waache ugali, waache wali, waache kila chenye wanga. Hustahimili wiki mbili, kisha njaa huwarudisha walikotoka. Mimi kama mtaalamu wa lishe nasema wanga wote hauna hatia moja. Wa kupunguzwa ni ule uliokobolewa na ule uliotiwa sukari, na pa kuanzia ni kikombe, kabla hatujaigusa sahani.

Wanga uliokobolewa ni upi hasa?

Punje ya hindi ina ganda la nje lenye nyuzinyuzi, kiini chenye mafuta na vitamini, na sehemu kubwa ya ndani ambayo ni wanga. Mashine ikikoboa, pumba na kiini huondoka, na kinachobaki kikisagwa ndicho sembe; punje ikisagwa nzima bila kukobolewa ndiyo dona. Unga mweupe wa ngano, ule wa mandazi, chapati na mkate wa slesi, hupita njia hiyo hiyo, na mchele mweupe vilevile. Sukari ndiyo ya mwisho kabisa: ni wanga mtupu, haina kingine.

Tanzania ina kanuni tangu 2011 zinazotaka unga wa viwandani uongezwe virutubisho, yakiwemo madini ya chuma. Ni hatua nzuri, ila nyuzinyuzi hazirudishwi. Na nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu na kulifanya tumbo lishibe mapema. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, kwa miaka mingi, aliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa haba kwa wanavijiji wa Uganda waliokula vyakula visivyokobolewa. Katika miaka ya 1970 aliihubiria dunia habari ya nyuzinyuzi. Inauma kuona sasa sisi ndio tunaokimbilia unga mweupe.

Nikiacha sembe nikala dona, nitapungua?

Kwa hilo peke yake, hapana. Gramu 100 za unga wa dona na gramu 100 za sembe zina nishati inayokaribiana sana, takriban kalori 360. Dona ina nyuzinyuzi karibu mara mbili, hivyo utashiba kwa tonge chache na njaa itachelewa kurudi. Lakini ukisonga dona ya kujaza sinia na kuimaliza, mwili utaihifadhi kama mafuta vilevile.

Dona ina sharti lake pia, na silisemi kwa kutisha. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha mahindi, na kukoboa huipunguza. Mlipuko wa sumukuvu uliotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016 uliua watu. Mahindi ya dona basi yawe yamekauka vizuri, yamechambuliwa, punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au kuliwa na wadudu zimetupwa. Saga kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uchache haraka. Kama huna uhakika na mahindi yako, tumia nafaka nyingine: ulezi, mtama au uwele.

Nianzie wapi, maana yote siwezi?

Anzia unachokunywa. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Sasa hesabu chai yako: vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, umefika tisa bila kugusa soda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikibaki chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni vijiko sita hivi. Na sukari ya kunywa haishibishi. Utakunywa soda yote na bado utakula sahani nzima.

Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Chai ya tangawizi, iliki na mdalasini haihitaji sukari nyingi ili iwe tamu. Juisi ya miwa na ya embe iliyotiwa sukari zihesabu pamoja na soda. Tunda lenyewe lile, lina nyuzinyuzi zake.

Asali na sukari guru je?

Ni sukari.

Na kifungua kinywa bila mandazi au chapati?

Viazi vitamu vya kuchemsha, magimbi, mahindi ya kuchemsha, uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga badala ya sukari. Ongeza yai ukiweza. Mkate wa kahawia usikudanganye kwa rangi: soma pakiti, na kama kitu cha kwanza kilichoandikwa ni unga mweupe wa ngano, ni ule ule. Chapati ya wageni siku ya sikukuu haina neno. Ya kila asubuhi ndiyo inayojenga kitambi.

Sina hela ya kula samaki na nyama kila siku. Sahani yangu niipangeje?

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, majani ya maboga, kabichi. Robo iwe maharage, choroko, kunde au dagaa, ambavyo kwa kawaida ni nafuu kuliko nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, usiozidi ukubwa wa ngumi yako. Anza kula mboga na maharage, ugali ufuate. Sukari ya damu hupanda polepole zaidi kwa mpangilio huo. Mama anayepakua ndiye mwenye funguo hapa. Tuache kupima mapenzi kwa wingi wa ugali.

Rafiki yangu ameacha wanga wote, amepungua kilo tatu kwa wiki moja. Nimfuate?

Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huhifadhi akiba ya wanga pamoja na maji mara tatu ya uzito wake. Akiba ikiisha, maji huondoka nayo, na ukirudi kula yanarudi. Utafiti wa chuo kikuu cha Stanford uliochapishwa 2018 uliwafuata watu 609 kwa mwaka: kundi moja lilipunguza mafuta, jingine wanga. Walipungua karibu sawa, kilo tano hadi sita kwa wastani. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa wapunguze sukari na unga uliokobolewa na wale mboga kwa wingi. Fuata hilo, utaweza kuishi nalo.

Shikamoo. Mama ana kisukari, anameza vidonge. Naye apunguze wanga?

Marahaba, mwanangu. Itamfaa sana, ila asianze peke yake. Dawa kama glibenclamide, na sindano za insulini, hushusha sukari hata kama hajala wanga wa kutosha. Akipunguza chakula na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka kwa hatari: atatokwa jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa. Ikitokea akiwa na fahamu, mpe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari mara moja. Akizimia usimwekee kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Mpeleke kliniki dozi ipangwe upya kwanza, kabla hamjabadili chochote jikoni.