Maswali na Majibu: Kisu cha Fundi na Kisu cha Kiwandani

Swali la 1. Kisu cha kuagiza kwa fundi ni kipi?
Ni kile ambacho urefu wa bapa, unene wa mgongo na umbo la mpini hukubaliwa na mteja kabla chuma hakijaguswa. Kiwanda hakimjui mnunuzi wake, kwa hiyo mpini hutengenezwa kwa mkono wa wastani.

Swali la 2. Je, kila kisu cha mkono hufuliwa kwa nyundo?
La. Wapo mafundi wanaokata umbo kwenye ubao wa chuma na kulisaga hadi libaki bapa; njia hii ilivuma Marekani kupitia Bob Loveless (1929–2010). Upande wa pili, viwanda vya Solingen, Ujerumani, bado hufua visu kwa nyundo za mashine. Ukiandika kwamba tofauti ni nyundo, umekosa.

Swali la 3. Eleza hatua inayoamua ubora wa bapa.
Moto. Chuma cha kaboni hupashwa hadi sumaku isishike, takriban nyuzi 770 za Selsiasi, kisha kupita hapo kidogo, halafu huzamishwa kwenye mafuta. Hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, hivyo hurudishwa kwenye moto mdogo wa nyuzi 200 hivi. Fundi aweza kuacha mgongo laini na makali magumu katika bapa moja. Kiwanda hakihangaiki hivyo, ila tanuri lake halikosei joto, na fundi mzembe hawezi kulifikia.

Chuma chenyewe nacho kina neno. Wahunzi wetu hupenda springi za gari kwa sababu zina kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Chuma cha mageti, hata ukikizamisha mara kumi, hakipati ugumu.

Swali la 4. Kwa nini visu vingi vya kiwandani si vigumu sana?
Kiwanda humfikiria mtumiaji mzembe: atakayekata mfupa, atakayefungulia kopo. Visu vya jikoni vya Victorinox vina ugumu wa 55 hadi 56 kwa kipimo cha Rockwell; visu vya chuma cha kaboni kutoka Sakai, Japani, hupita 60. Cha kwanza huisha makali upesi na hunoleka upesi. Cha pili hukaa na makali, lakini kikigonga mfupa humeguka.

Swali la 5. Kisu cha Sakai hufuliwa na mmoja, hunolewa na mwingine, na mpini hutiwa na wa tatu. Bado ni cha mkono?
Ndiyo.

Swali la 6. Fundi hupimwaje?
Chama cha wafua visu cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa 1976, kina mtihani mkali. Kisu kikate kwa pigo moja kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia, kikate mbao ya mbili kwa nne mara mbili, kisha bado kinyoe vinyweleo. Mwishowe hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Kisu huharibika, anayepimwa ni fundi.

Swali la 7. Mwenye bucha anunue kipi?
Cha kiwandani, chenye mpini wa plastiki. Kitanolewa kila siku, kitaoshwa kwa maji ya moto, kitaisha, naye atanunua kingine dukani jioni hiyohiyo.